Umemaliza Chuo, Sasa Jina Lako Linaanza Kuandikwa Kwenye Simu

Siku ya mahafali, jina lako husomwa mara moja tu. Baada ya hapo hakuna anayelisoma tena kwa sauti. Mwajiri hakujui, mteja hakujui, na benki haijui kama unaweza kuaminiwa na elfu tano. Cheti kinasema ulisoma. Hakisemi kama unalipa deni kwa wakati, au kama pesa ya mtu ikipitia mikononi mwako inafika.

Mimi nilisomea masoko, na tulifundishwa mengi kuhusu chapa za kampuni kubwa. Nilipotoka nje niligundua kwamba chapa ya kwanza ninayopaswa kuijenga ni jina langu mwenyewe, na kwa wengi wetu hapa Kenya historia ya jina hilo inaanzia kwenye simu. Kila muamala unaacha tarehe, kiasi, jina na nambari. Swali ni kama rekodi hiyo inakusaidia au inakuchoma.

Pesa inayopitia kwako si yako yote

Wahitimu wengi huanza na vibarua: kusimamia kurasa za mtandaoni za saluni, kuchora mabango, kuuza mitumba, kufanya kazi ya kamisheni. Chukua mfano huu. Saluni inakutumia shilingi 12,000 kwa mwezi uwatangazie kazi. Kati ya hizo, 5,000 ni za kulipia matangazo. Hizo ni pesa za mteja, wewe ni mpitishaji tu. Bando lako la kazi ni 1,500. Kilichobaki ni 5,500, na hicho ndicho mapato yako.

Sasa, ukiwaambia marafiki kwamba unapata elfu kumi na mbili, utaanza kuishi kama mtu wa elfu kumi na mbili. Wikendi moja tu, pesa ya matangazo imeliwa. Jumatatu mteja anauliza mbona tangazo halionekani, na hapo jina lako limeshaingia doa kabla hata ya mwaka kuisha.

Dawa yake si ngumu: tenganisha. Chukua laini ya pili au nambari ya Till kwa ajili ya kazi, na ya nyumbani ibaki ya nyumbani. Kila mwisho wa wiki jilipe kutoka upande wa kazi kwenda upande wako, kiasi kimoja kinachojulikana. Hata kama ni shilingi 1,000, jilipe kama mwajiriwa.

Rekodi hukusemea usipoweza kujisemea

Kazi yangu ya kwanza ilikuwa ya kuuza kwa kamisheni. Wateja walilipa moja kwa moja kwenye akaunti ya kampuni, na msimamizi alihesabu mauzo ya kila mtu kwa kumbukumbu zake. Mwisho wa mwezi mmoja alisema nimeleta wateja 24. Mimi nilikuwa na 31. Wale saba walikuwa wamehesabiwa kama wa ofisi.

Sikuwa na cheo cha kubishana naye. Nilichokuwa nacho ni daftari: kila mteja alipolipa nilimwomba nambari ya muamala, nikaiandika na tarehe. Msimamizi alilinganisha nambari hizo na taarifa ya akaunti ya kampuni, moja baada ya nyingine, na mwezi huo nililipwa kamisheni ya wateja 31. Hatukuinuliana sauti.

Kwa hivyo, kabla ya kuanza kazi yoyote, tuma ujumbe mfupi unaoeleza utafanya nini, kwa bei gani, na utalipwa lini. Omba malipo ya awali, hata nusu. Mteja akilipa, mtumie risiti siku hiyo hiyo. Na usikabidhi kazi kwa sababu tu umeonyeshwa ujumbe wa malipo. Ujumbe unaweza kughushiwa. Angalia salio lako kwanza.

Madeni yanayokungoja mlangoni

Kama ulisoma kwa mkopo wa HELB, unapewa mwaka mmoja baada ya kumaliza masomo kabla ya kuanza kulipa. Riba ya mkopo wa shahada ya kwanza ni asilimia 4 kwa mwaka, lakini kinachowaumiza watu ni faini: shilingi 5,000 kwa kila mwezi unaonyamaza. Hesabu mwenyewe, miezi 12 ni shilingi 60,000. Ukiwa hujapata kazi, usijifiche. Wasiliana nao mapema ueleze hali yako.

KRA nao wanakungoja. Ukiwa na PIN, unatakiwa kuwasilisha ritani kila mwaka kabla ya Juni 30 kuisha, hata kama hukupata kitu. Kuchelewa ni faini isiyopungua shilingi 2,000. Na kama umekuwa ukipokea malipo ya vibarua, hayo ni mapato. Usijaze sifuri huku taarifa ya simu yako ikisema mengine.

Halafu kuna nyumbani. Wazazi waliuza ng'ombe, mjomba alichangisha harambee, na wote wanajua umemaliza. Kuwasaidia ni jambo jema, lakini panga kiasi unachokimudu, kitume tarehe moja kila mwezi, na uwaambie ukweli. Mama akijua Oktoba yote unatuma 800, atapanga nazo. Kinachovunja moyo ni kutuma 5,000 mwezi mmoja kisha kuzima simu miezi mitatu.

Kazi haiombi ada

Mtu akikuahidi kazi kisha akataka utume pesa za usaili, za sare au za "faili", huyo si mwajiri. Tapeli anajua umesota, na anajua ukisubiri sana unaweza kuamini chochote. Kampuni inayokuhitaji ndiyo itakayokulipa wewe.

Kukua ni hatua ndogo zinazoonekana

Ukiona wateja wanarudi, sajili jina la biashara kupitia eCitizen. Jiunge na Sacco au chama chenye watu wanaoweka akiba kweli. Ukipata kazi ya ofisi, usitupe daftari lako. Anayeweza kumwonyesha bosi alicholeta kwa tarehe na kiasi ana la kusema siku ya kuomba nyongeza ya mshahara.

Leo jioni fanya jambo moja. Kama unatumia M-PESA, piga *334# uombe taarifa ya miamala ya miezi mitatu. Weka alama kwenye kila pesa iliyoingia: hii ni yangu, hii ilikuwa ya mteja, hii ni mkopo. Jumlisha zile zako peke yake, kisha gawanya kwa tatu. Hiyo ndiyo mshahara wako halisi wa sasa. Huenda ni mdogo kuliko ulivyodhani, lakini sasa unaujua, na mwezi ujao una kitu cha kuongezea.