Mafanikio ya Kweli na Kusudi la Maisha: Tafakari kutoka Ngara na Biharamulo

Utangulizi

Siku hizi neno "mafanikio" husikika mimbarani pengine mara nyingi kuliko neno "neema". Wako wahubiri wanaofundisha kwamba imani hai hutambulikana kwa nyumba nzuri, gari, cheo na afya isiyotetereka, na kwamba anayekosa hayo ana kasoro katika imani yake. Mafundisho hayo yamekwisha kuingia katika sharika zetu, na mwinjilisti wa kijijini hukutana na maswali ambayo hayajibiki kwa kukemea tu. Je, Mungu hataki tufanikiwe? Mkristo aishi kwa kusudi gani? Katika makala haya tunakusudia kulitazama kwanza neno lenyewe katika Maandiko, kisha kulipima kwa mambo yaliyotokea katika wilaya za Ngara na Biharamulo, mkoani Kagera, mahali ambapo mali nyingi zilikuja kwa ghafula na kuondoka kwa ghafula.

Neno "kufanikiwa" katika Agano la Kale

Kitenzi cha Kiebrania ambacho mara nyingi hutafsiriwa "kufanikiwa" ni tsalakh. Wahubiri wa mafanikio hupenda kukitaja kutoka Yoshua 1:8 na Zaburi 1:3. Hatuna ugomvi na mafungu hayo, maana ni Neno la Mungu. Lakini kitenzi hicho hicho kimo pia katika sura nyingine mbili ambazo hazihubiriwi sana katika mikutano ya mafanikio.

Ya kwanza ni Mwanzo 39. Yusufu anahesabiwa kuwa amefanikiwa akiwa bado mtumwa aliyenunuliwa kwa fedha (mstari wa 2), na tena akiwa mfungwa kwa kosa asilolitenda (mstari wa 23). Mwandishi hakungoja mpaka Yusufu avikwe pete ya Farao katika sura ya 41. Sababu anayoitoa ni ile ile nyumbani kwa Potifa na gerezani: Mungu alikuwa pamoja na mtu huyu. Tena matunda ya mafanikio hayo yaliwafikia wengine, kwa kuwa nyumba ya Mmisri ilibarikiwa kwa ajili ya Yusufu, na wafungwa wakapata mwangalizi mwaminifu.

Ya pili ni Isaya 53. Katika mstari wa 10 mapenzi ya Mungu yanafanikiwa mkononi mwa Mtumishi aliyedharauliwa na kujeruhiwa. Kanisa tangu mwanzo limeisoma sura hiyo kuwa ni habari za Kristo. Basi, mtu akitaka kufundisha mafanikio kwa mujibu wa Biblia, hana budi kupita msalabani. Ndiyo sababu Martin Luther, katika Hoja za Heidelberg za mwaka 1518, alitenga thiolojia ya utukufu na thiolojia ya msalaba. Ile ya kwanza humtafuta Mungu katika nguvu na fahari ionekanayo, na kwa hiyo hukosea hata kuvitaja vitu kwa majina yake. Hii ya pili humtambua Mungu pale alipopenda mwenyewe kujifunua, yaani katika Kristo aliyesulubiwa.

Mali iliyovuka daraja

Mwezi Oktoba 1993, baada ya Rais Melchior Ndadaye kuuawa, Warundi walianza kuingia Ngara. Kisha tarehe 28 Aprili 1994, wakati mauaji ya kimbari yakiendelea Rwanda, watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo katika muda wa kama siku moja. Mahali paitwapo Benaco, kwa jina la kampuni ya ujenzi ya Kiitalia iliyopata kuweka kambi hapo, pakawa mji wa mahema ya plastiki. Haukupita muda mrefu wakimbizi wakawa wengi kuliko wenyeji wa wilaya nzima.

Katika siku za mwanzo wanavijiji wengi waliwapokea wageni kwa kuwagawia chakula na mahali pa kulala. Baadaye yalifika mashirika ya misaada na magari yao, na kazi za mishahara zikapatikana. Baadhi ya walimu na wauguzi waliacha vituo vyao vya serikali wakaenda kuajiriwa makambini. Mwenye ndizi na maharage alipata soko, na mwenye shamba kubwa alipata vibarua kwa ujira mdogo. Methali isemayo "Mgeni njoo, mwenyeji apone" ilionekana kutimia. Hata hivyo hawakupona wote. Maskini aliyezoea kuuza nguvu zake sasa alishindana na maelfu waliokubali ujira mdogo zaidi. Miti ilikatwa kwa kuni, mazao yaliibwa mashambani, na ujambazi ukaongezeka.

Mwezi Desemba 1996 ilitangazwa kwamba wakimbizi wote wa Rwanda watarejea kwao ifikapo tarehe 31 ya mwezi huo. Kabla mwaka haujaisha, karibu nusu milioni kutoka makambi ya Kagera walikuwa wamekwisha kurudishwa. Ajira nyingi na masoko mengi yalikwenda pamoja nao. Kambi ya Lukole, waliyokaa Warundi, iliendelea kwa miaka, lakini hatimaye nayo ilifungwa.

Biharamulo iliona jambo la namna hiyo kwa njia ya dhahabu. Mgodi wa Tulawaka ulianza uzalishaji mwaka 2005. Mwaka 2013 kampuni iliyouchimba ikaondoka, na mgodi ukapita mikononi mwa shirika la umma, STAMICO. Na huko Ngara, mkataba wa Januari 2021 kuhusu nikeli ya Kabanga umeamsha tena matumaini ya vijana.

Hatusemi kwamba mishahara ya makambini au dhahabu ni dhambi. Tajiri wa Luka 12:16–21 hakulaumiwa kwa sababu shamba lake lilizaa sana. Kosa lake ni kwamba katika mashauri yake yote hamkuwa na jirani wala Mungu. Alizungumza na nafsi yake, juu ya ghala zake, kwa raha yake. Mtu aliyeyafanya mali kuwa kusudi la maisha yake, mali ikiondoka hubaki hana kusudi. Wapo waliojiona si kitu tena siku magari ya mashirika yalipoondoka, ingawa mbele za Mungu thamani yao haikupungua hata kidogo.

Kanisa nalo lijipime

Somo hili haliwahusu vijana peke yao. Rwanda ilihesabiwa miongoni mwa nchi za Afrika zenye Wakristo wengi. Uamsho wa miaka ya 1930, ambao matunda yake yalifika hata Kagera, ulipata nguvu Gahini, katika nchi hiyo hiyo. Pamoja na hayo, miongoni mwa waliovuka Rusumo, wengi wao wakiwa raia wenye hofu na watoto wao, walikuwamo waliobatizwa ambao walikuwa wametoka kuwaua majirani zao. Basi, idadi ya waliobatizwa na ukubwa wa majengo haviwezi kuwa kipimo cha mwisho cha mafanikio ya Kanisa. Dayosisi inayojivunia hesabu zake bila kuuliza kama washarika wake wanamtambua jirani wa kabila jingine kuwa ndugu, nayo imeshikwa na thiolojia ya utukufu.

Wito kama kusudi la maisha

Je, Mlutheri afundishe nini badala yake? Tunaanza na kuhesabiwa haki kwa imani. Kwa mujibu wa Waefeso 2:8–10, wokovu ni kipawa, na matendo mema ni njia ambayo Mungu ametuandalia tuiendee. Asiyelazimika tena kujitafutia thamani mbele za Mungu anakuwa huru kutumia nguvu zake kwa ajili ya jirani. Hapo ndipo Luther alipoyaweka mafundisho ya wito, akiitumia 1 Wakorintho 7:20. Mkulima, mama mlezi, mwalimu na hakimu wameitwa na Mungu sawasawa na mchungaji.

Kwa hiyo muuguzi aliyebaki katika zahanati ya kijiji wakati wenzake wakienda makambini hakuwa ameshindwa maisha. Wala aliyekwenda hakukosa kwa sababu ya kwenda, maana huko nako walikuwako wagonjwa. Shirika la TCRS, lililoundwa mwaka 1964 kwa ajili ya huduma ya wakimbizi chini ya Fungamano la Makanisa ya Kilutheri Duniani, lilihudumu Ngara kwa msingi huo. Swali la wito ni hili: nani anafaidika na kazi yangu, nami namtumikia nani?

Wala mtu asidhani tunausifu umaskini. Katika Katekisimu Ndogo ya mwaka 1529, Luther anapoeleza ombi la mkate wa kila siku, anataja shamba, mifugo, nyumba, serikali njema, amani, afya na majirani waaminifu. Mkristo aombe hayo, ayafanyie kazi, na adai haki pale ardhi yake inapotwaliwa kwa fidia isiyotosha. Lakini ayapokee kama mkate, si kama cheti cha kuthibitisha kwamba Mungu anampenda. Cheti hicho tulipewa katika ubatizo.

Hitimisho

Tunawashauri wachungaji na wainjilisti wafundishe jambo hili mapema, katika darasa la kipaimara, kabla kijana hajaondoka kwenda mgodini au mjini. Ajifunze habari za Yusufu gerezani kabla ya Yusufu ikuluni. Na siku atakapopata mshahara mkubwa, au atakapoukosa, ajiulize maswali matatu: Je, ninamtegemea Kristo? Je, jirani yangu anapata nafuu kwa kuwapo kwangu? Je, kazi hii ikikoma kesho, nitajua bado mimi ni wa nani? Anayeweza kuyajibu hayo kwa imani amefanikiwa, iwe ana ng'ombe mia au jembe moja.