Gitaa na Mafuta Yake

Mabaharia wa pwani zetu, waliokuwa wakisafiri kwa majahazi baina ya Lamu, Unguja na Maskati, walijua tangu kale kwamba ubao usiopakwa mafuta umekwisha kuhukumiwa. Na kwa ajili hiyo walikuwa na sifa, yaani mafuta ya papa, ya kupaka ubavu wa chombo juu ya maji, na deheni, mchanganyiko wa chokaa na shahamu, ya kupaka chini yake. Naanza na bahari ilhali habari yangu ni ya bara, tena bara la juu lenye baridi, huko Mbulu na Hanang katika Mkoa wa Manyara, kwa sababu seremala wa huko aliyezoea vitanda na milango, akiazimu siku moja kuunda gitaa kwa mikono yake, hukutana na swali lile lile la nahodha: mti huu wataka mafuta gani, na yapakwe vipi?

Jibu la haraka, kwa mtu akaaye Katesh chini ya mlima Hanang, ambako alizeti hulimwa na kukamuliwa, ni kuchukua chupa ya jikoni. Mimi nami niliingia katika kosa hilo. Gitaa langu la kwanza lilikuwa na mgongo wa mgrivea, nikalipaka mafuta ya alizeti kwa ukarimu, nikalitundika ukutani. Ulipotimia mwezi lilikuwa bado linanata, na vumbi la kiangazi lilikuwa limelivika kanzu ya kijivu isiyokubali kuvuliwa ila kwa msasa.

Mafuta, kumbe, si jinsi moja. Yako yasiyokauka kamwe, kama ya nazi. Yako yakaukayo nusunusu, na hayo ndiyo ya alizeti. Na yako yakaukayo barabara yakawa kitu kigumu ndani ya ubao, kama mafuta ya kitani, ambayo madukani huitwa linsidi, au yale ya mti wa tung, uliotoka China na ukapata kupandwa hata katika nyanda za juu za Malawi. Na kukauka huku si kama kwa nguo iliyoanikwa juani, ambayo hutokwa na maji ikawa nyepesi. Mafuta huvuta oksijeni ya hewani, chembe zake zikashikamana kama wavu, hata uzito wake huongezeka badala ya kupungua. Wanakemia huipima tabia hii kwa kiasi cha iodini ambacho mafuta huweza kumeza: gramu 100 za mafuta ya nazi hazimezi hata gramu 12, za alizeti humeza kati ya 110 na 145, ilhali za kitani aghalabu hupita 170. Linsidi mbichi huchukua siku nyingi kukauka. Ile iliyopikwa, yaani iliyotiwa madini ya kuiharakisha, hukauka kwa siku moja au mbili.

Kupaka kwenyewe hakuhitaji ustadi mkubwa. Ustadi umo katika kufuta. Fundi hupiga msasa kwa kufuata nyuzi za mti, namba 120, kisha 180, hata 320, akapitisha kitambaa chenye unyevu ili vinyweleo vya ubao visimame, akauacha ukauke, akavinyoa tena. Ndipo hutia mafuta kidogo kitambaani, akasugua, akayaacha yanyonywe kwa dakika 15 au 20. Kisha hufuta, naye hufuta yote, mpaka ubao uonekane kana kwamba haukupakwa kitu, kwa maana mafuta yaliyosalia juu hayatakuwa sehemu ya mti, yatakuwa mtego wa nzi. Kesho yake hurudia, na kesho kutwa, hata itimie mikono minne au sita. Kwa mninga, ambao vitundu vyake huonekana kwa macho, wako wanaosugua mkono wa pili au wa tatu kwa msasa namba 400 ungali na mafuta, ili unga wa mti uleule uwe ndio uji wa kuvijaza.

Uso wa gitaa una hukumu yake. Ubao huo mwembamba ndio unaotikisika nyuzi zikipigwa, na aghalabu ni wa mti laini, ambao hunywa mafuta kama ardhi ya kiangazi inywavyo mvua ya kwanza. Ukishiba mno huwa mzito na sauti hufifia, kama inavyofifia chini ya vanishi nene. Kwa hiyo mafundi wengi huufunga kwanza kwa shelaki, au huutosheleza kwa mkono mmoja mwepesi. Shingo, kwa upande wangu, naipenda kwa mafuta na si kwa kitu kingine chochote, kwani kiganja huteleza juu yake bila kukwama.

Mpingo nao, mti mweusi ambao Tanzania huupeleka ng'ambo ukachongwa klarineti, na ambao hufaa sana kwa ubao wa vidole, una utomvu wake wenyewe uzuiao mafuta ya kupakwa yasikauke. Mwenye kuupaka linsidi atangoja bure.

Neno moja la hatari. Kitambaa chenye linsidi kikikunjwa na kutupwa pembeni juu ya vumbi la mbao, joto la kule kukauka hukosa njia ya kutokea, likapanda taratibu hadi kitambaa kikawaka chenyewe bila kiberiti. Kitandazwe nje kikauke, au kizamishwe majini.

Huko Mbulu, ambako Juni na Julai watu hushinda ndani ya makoti, baridi huichelewesha kazi, nayo siku moja ya kungoja huwa tatu au nne. Gitaa hutundikwa mbali na moshi wa jiko, na kila asubuhi fundi hulisogeza puani. Maadamu harufu ya kitani ingalipo, nyuzi hubaki ndani ya pakiti yake.