Ndoo ya inchi zilizozidi

Nilikwenda kubadilisha zipu tu. Fundi huyu hukaa nyuma ya soko la Mchikichini, Ilala, chini ya turubai la bluu, cherehani yake ya miguu ikitazama barabara. Alikuwa na mteja, akanionyesha benchi ningoje. Pembeni ya benchi palikuwa na ndoo ya rangi, ile ya lita 20, imejaa hadi ukingoni vitu nilivyodhani ni visigino vya ndala. Nikaokota kimoja. Kumbe ni kipande cha mkanda wa begi la mgongoni: sponji katikati, wavu mweusi upande mmoja, nailoni upande wa pili, kimekatwa kwa mkasi mkali. Nikaokota kingine, na kingine. Vyote vilikuwa na urefu unaokaribiana: inchi mbili, mbili na nusu, tatu.

"Hizo ni inchi zilizozidi," akasema fundi bila kuinua macho. "Kila vipande viwili vina mtu wake."

Wiki nzima sijaacha kuifikiria ndoo ile. Siku ya pili nilirudi, nikaomba ruhusa, nikaimwaga juu ya gunia. Vipande vingi ni vyeusi, maana ofisi hupenda mabegi meusi. Vipo vya kijivu, vipo vya bluu ya bahari, na jozi moja ya zambarau iliyokoza. Kimoja kimebaki na nusu ya nembo, herufi tatu za mwisho za jina la semina fulani. Kwenye baadhi yake sponji imelala, ngumu kama mkate wa juzi, na chumvi ya jasho imechora mawimbi meupe juu ya kitambaa. Hao ni watu waliovumilia miaka kabla ya kumfikia fundi. Kwenye vingine sponji bado changa: ukiibonyeza inainuka. Hao walikuja wiki ileile waliyonunua begi. Nilihesabu vipande 60, nikaacha kabla ya kufika nusu ya rundo.

Karibu wote, fundi anasema, ni wanawake, na karibu wote ni wafupi au wembamba wa mabega. Mwenyewe ni mzee wa makamo, mtu wa Tanga, na hakutaka jina lake litoke gazetini. "Andika fundi inatosha. Wanaonihitaji wananijua."

Mteja niliyemkuta siku ile ya kwanza alikuwa binti wa ofisini, kimo chake futi tano kasoro inchi moja. Alikuwa amepewa kompyuta ya kazi yenye kioo cha inchi 15.6 pamoja na begi lake. Alikuja akiwa amelivaa, na kwa nyuma ungeona begi linatembea, miguu imechomoza chini yake.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba, mwanangu. Limekuumiza wapi?"

Alijibu kwa kugusa kwanza bega la kulia, kisha kiuno. Fundi hakuligusa begi bado. Alimwita mama anayeuza vitumbua meza ya jirani, akampa futi kamba. Ndivyo anavyofanya kila mara mteja anapokuwa mwanamke: yeye husimama pembeni akitaja mahali pa kupima, mama huyo ndiye anayepima. "Inamisha kichwa, binti. Hapo chini ya shingo kuna kinundu cha mfupa. Mama, anzia hapo. Sasa shika kiuno kama mtu anayegomba, vidole gumba nyuma. Pale vidole gumba vinapokutana, ishia hapo."

Inchi 15.

Kisha akapima begi, kutoka juu hadi chini. Inchi 19.

"Hizo nne zinakwenda wapi?" akamuuliza binti. Binti akanyamaza. "Zinakwenda pale unapokalia. Ukipanda daladala, kitako cha begi kinagonga ngazi. Ukiketi, linakusukuma mbele. Na ndani yake, kule chini kabisa, ndiko iliko kompyuta."

Kuna kosa ambalo mimi mwenyewe nimelifanya, na nadhani wengi tunalifanya. Tukiona begi linaning'inia, tunavuta utepe wa chini ili lipande. Binti huyu alikuwa ameuvuta hadi mwisho. Kile kipande cha plastiki kinachobana utepe kilikuwa kimegota kwenye sponji ya mkanda, hakuna pa kuvuta tena. Sehemu yenye sponji ilikatwa kwa kifua cha mtu mrefu. Kwa mtu mfupi inamzunguka kwapa, inamalizika mbavuni, na utepe hauna kazi. Hapo ndipo ndoo inapopata vipande vyake.

Nilitazama kazi yote. Fundi alitia kwanza ndani ya begi kila kitu ambacho binti hubeba: kompyuta, chaja, chupa ya maji ya lita moja, bakuli la chakula, mwavuli. "Begi tupu linadanganya," alisema. Binti akalivaa, likainuliwa hadi mahali panapofaa, na mama wa vitumbua akaweka alama ya chaki kwenye mkanda. Kisha wembe. Mshono unaoshika plastiki ile umeshonwa kwa umbo la sanduku lenye msalaba ndani, nao haukubali kuvutwa. Fundi aliukata uzi mmojammoja, akipuliza vumbi la nailoni. Akakata mkanda upande wa chini, kwa sababu upande wa juu ndio wenye kona inayofuata bega, na ukiikata kona hiyo umeharibu. Inchi mbili na nusu kila upande. Vikaingia ndooni.

Halafu akafanya jambo ambalo nisingelifikiria kamwe. Alifumua pia mshono wa juu, mikanda inapoanzia, akaisogeza ikaribiane. "Mikanda ikianza mbalimbali, kwenye bega jembamba inateleza kwenda nje. Mwenye begi hajui, lakini anapandisha mabega kuizuia. Kutwa nzima kayapandisha kama mtu anayesikia baridi. Jioni anasema kichwa kinamuuma, ananunua panado."

Alipolivaa tena, begi lilikuwa limekaa juu, limeshikana na mgongo. Binti alizunguka mara mbili pale kwenye vumbi. Alisema neno moja: "Jamani."

Ujuzi huu fundi hakuupata Dar es Salaam. Kabla ya kuja Ilala alikaa Moshi akishona mabegi ya wapanda mlima. Huko aliona kwa mara ya kwanza mabegi yenye lebo za ukubwa kama za mashati, na ukubwa wenyewe unahesabiwa kwa urefu wa mgongo, kimo hakiulizwi. Huko pia aliona mizani. Kwenye mageti ya Kilimanjaro mzigo wa mpagazi hupimwa, na kikomo kilichowekwa ni kilo 20. "Mpagazi ana mtu wa kumpimia," aliniambia. "Huyu binti wa ofisini nani anampimia?"

Tulipima begi lake kwa mzani wa muuza viazi. Kompyuta na chaja peke yake zilifika kilo mbili na nusu. Maji ya lita moja ni kilo moja, hiyo haina mjadala. Ukijumlisha chakula, mwavuli na begi lenyewe, tulikaribia kilo tano na nusu. Madaktari wa watoto wa Marekani hushauri begi la mwanafunzi lisizidi asilimia 10 hadi 20 ya uzito wa mwili wake. Binti ana kilo 47, kwa hiyo alikuwa ameshaupita mstari wa kwanza, na bado alikuwa na safari ya kusimama ndani ya basi hadi Mbagala.

Nilimuuliza fundi: basi mtu mfupi achague vipi, ili asifike kwako? Alicheka kidogo, akasema swali hilo linamnyima riziki, kisha akalijibu kwa moyo wote.

Kwanza, inchi za kwenye lebo ni za kioo, zinapimwa kutoka kona hadi kona, na hazikuambii begi lina ukubwa gani. Kompyuta ya inchi 15.6 ina upana wa inchi 14 hivi. Ukiilaza kwenye begi la kuning'iniza begani, inakuwa pana karibu sawa na mabega ya mwanamke mdogo, na kila mlango utaigonga. Ikisimamishwa wima kwenye begi la mgongoni, upana unashuka hadi inchi tisa na kitu, nao mgongo unaupokea. Kwa mtu mwenye mgongo wa inchi 15, begi la kumfaa lisizidi urefu wa inchi 16, na ndani yake kompyuta hiyo inaingia kwa shida. Ya inchi 13 au 14 inaingia kwa raha. "Kompyuta ndiyo inayochagua begi. Mimi nakata mkanda. Kompyuta siwezi kuikata."

Pili, mfuko wa kompyuta uwe upande wa mgongo. Hapa alinyanyua pasi yake ya mkaa, akaishika kifuani, kisha akanyoosha mkono nayo. Mkono ukaanza kutetemeka. Pasi ni ileile. Begi lenye mfuko wa kompyuta upande wa nje humvuta mtu nyuma namna hiyo, na aliye mdogo huinama mbele ili asivutwe.

Nilipomuuliza kwa nini begi libane mgongo kiasi hicho, alinijibu kwa mbeleko. "Umewahi kuona mama kamfunga mtoto hadi miguu ya mtoto inapiga nyuma ya magoti yake? Mtoto hufungwa juu, akaubana mgongo, akalala. Bibi zetu hawakusoma popote jambo hili." Nimependa sana kwamba jibu limetoka huko, kwa sababu hata jina kompyuta mpakato tulilitoa kwenye kupakata, tendo la kumweka mtoto mapajani. Tulijua namna ya kukiita kitu hiki. Namna ya kukibeba tulikuwa nayo tangu zamani, ila dukani tunaisahau.

Tatu, chini ya mfuko wa kompyuta pawe na pengo au sponji ya inchi moja. Sukuma mkono ndani: vidole vikigusa kitako cha begi, kompyuta nayo itakigusa, na begi likiwekwa sakafuni kwa kishindo ndiyo inayopokea. Nne, mkanda mdogo wa kifuani unaounganisha mikanda miwili. Kwa bega jembamba huo ni wa lazima. Na kwa wavaao baibui, kitambaa chake huteleza, na mkanda wa nailoni juu yake hauna pa kushika. Fundi huwashonea kipande cha jinzi upande wa ndani. Anasema hilo alifundishwa na mteja.

Kuhusu kubeba begi mbele ndani ya daladala kwa hofu ya vibaka, hana dawa. Mtu mrefu akiligeuza mbele anaona miguu yake. Mtu mfupi mwenye begi la inchi 19 kifuani haoni ngazi anayoikanyaga. "Nimewashonea zipu za siri mgongoni ili wasiligeuze. Lakini hofu haishonwi."

Nguo zilishapita kwenye tatizo hili la vipimo. Robota la mitumba likifunguliwa hapo Mchikichini, kwenye nguo za Marekani utakuta lebo zenye herufi P baada ya namba. Ni ukubwa wa wanawake wasiozidi futi tano na inchi nne. Mbunifu Hannah Troy wa New York ndiye anayetajwa kuuanzisha miaka ya 1940, alipotazama vipimo vya wanawake waliojitolea jeshini na kugundua kwamba wengi wao wana kiwiliwili kifupi kuliko nguo zilizokuwa madukani. Nguo zikabadilika. Nilizunguka maduka ya mabegi Mtaa wa Kongo, Kariakoo, asubuhi nzima, nikigeuza lebo. Zilitaja inchi za kompyuta. Urefu wa mgongo sikuuona hata kwenye moja. Je, mtu aliyechora begi lile la inchi 19 alikuwa akimtazama nani? Na ofisi inayogawa kompyuta moja ya ukubwa mmoja kwa wafanyakazi wote, ikiwa ndiyo inayolipa, kwa nini isiulize kabla ya kununua?

Binti alilipa shilingi 8,000 kwa kazi yote. Nilimuuliza kama alimweleza msimamizi wake kwamba begi linamwumiza. Alisema aliogopa kuonekana analalamika, tena kwa kitu alichopewa bure.

Jambo moja bado linaniuma. Begi la mgongoni mwenyewe hulioni. Kule Kariakoo nilijaribu mabegi manane, na katika maduka yote hayo hapakuwa na kioo hata kimoja cha kumwonyesha mtu mgongo wake. Kulikuwa na kauli ya muuzaji tu: limekupendeza, dada. Ndugu zetu wenye maduka, tundikeni kioo kirefu ukutani na futi kamba kwenye msumari kando yake, na mruhusuni mteja atie kompyuta yake ndani kabla hajalipa. Na wewe unayekwenda kununua, usiende peke yako: nenda na mtu wa kukutazama kwa nyuma.