Kushusha Sukari Ni Kazi Rahisi

"Docta, huu mzizi umepimwa chuo kikuu, umeshusha sukari. Sasa niache vidonge?"

Mimi ni mfamasia, lakini hapa Berea, Afrika Kusini, kila mwenye koti jeupe ni docta. Swali hili hunijia kwa Kiswahili cha Bukavu, cha Kigoma na cha Mombasa, dukani, kanisani, kwenye lifti, hata msibani. Anayeuliza huwa ameshika simu, na kwenye simu kuna makala halisi ya kisayansi. Tabu ndiyo hiyo. Angekuwa ameletewa uongo ningemaliza kwa neno moja. Lakini ni kweli: panya walipewa dondoo la mmea na sukari yao ikashuka. Kilichokosewa ni kudhani kwamba dawa imepatikana.

Kushusha sukari ya damu ni kazi rahisi mno. Mnyime panya chakula usiku kucha, itashuka. Mpe kitu cha kumharisha au cha kumfanya akatae kula, itashuka. Mharibie ini, itashuka vibaya sana. Na kwa hili la mwisho, Afrika Kusini haihitaji panya. Kuna impila, mzizi wa mmea uitwao Callilepis laureola, ambao Wazulu wameutumia tangu zamani kwa matatizo ya tumbo na minyoo. Mwaka 1979 madaktari wa Durban, Coovadia akiwa miongoni mwao, walieleza kwenye jarida la kitabibu la nchi hii yaliyowapata watoto walionyweshwa: degedege, kupoteza fahamu, ini na figo kuharibika, na sukari ya damu kuwa chini mno. Sumu yake, atraktilosidi, huzuia seli zisitengeneze nguvu. Ini humaliza akiba yake ya sukari, kisha linakufa. Mtu angemtoboa mmoja wa watoto hao kidole na kusoma namba peke yake, angesema dawa inafanya kazi.

Turudi kwenye makala ya simuni. Panya hudungwa streptozotosini, kemikali inayoua seli za kongosho zinazotoa insulini. Kinachopatikana hukaribia zaidi kisukari cha aina ya kwanza, wakati wengi wanaoniuliza wana cha aina ya pili, ambapo kongosho bado linatoa insulini ila mwili hauitii ipasavyo. Kisha panya hupewa dondoo, tuseme miligramu 400 kwa kila kilo ya uzito, kwa wiki chache. Ukikokotoa kwa kanuni ya kawaida ya kuhamisha dozi ya panya kwenda kwa binadamu, mtu wa kilo 70 atahitaji kama gramu 4 na nusu kwa siku. Hizo ni za dondoo kavu, si za majani. Majani yakitoa dondoo asilimia kumi, unazungumzia gramu 45 za majani makavu kila siku ya Mungu. Wewe unachota kijiko. Na kama kuna anayezimaliza hizo 45, naomba kwanza nione vipimo vya ini lake.

Jaribio la bei nafuu zaidi halina hata panya. Huchukuliwa alfa-glukosidasi, aina ya kimeng'enya kinachovunja wanga, mara nyingi kutoka kwenye hamira kwa sababu hupatikana kwa urahisi. Mmea hushindanishwa na akabosi, dawa ya hospitali, na mmea hushinda. Utaachaje kushinda? Akabosi ni dhaifu mbele ya kimeng'enya cha hamira, na tanini, zile zinazokaza ulimi, hunasa karibu kila protini zinayokutana nayo. Chai ya rangi nayo hufaulu mtihani huo. Sijasikia mtu akiacha insulini kwa ajili ya chai ya rangi.

Watu wa nyumbani hawahitaji kukumbushwa Loliondo, lakini nitawakumbusha. Mwaka 2011 maelfu kwa maelfu walikwenda kijiji cha Samunge, huko Loliondo, Tanzania, kwa Mchungaji Ambilikile Masapila, kikombe cha dawa shilingi 500, na kisukari kilikuwa kwenye orodha ya maradhi yanayopona. Mti wa dawa hiyo ulikuwa mugariga, wa jenasi ya Carissa. Miaka 15 kabla, mwaka 1996, watafiti wa Misri walikuwa wamechapisha kwamba dondoo la majani ya Carissa edulis hushusha sukari ya panya wenye kisukari. Majani, si mizizi iliyochemshwa Samunge. Hata yangekuwa mizizi, panya wale hawakumjibu mtu aliyetupa insulini njiani. Asiyetengeneza insulini kabisa akiiacha, damu yake hujaa asidi, na anaweza kufa ndani ya siku chache.

Siichukii mimea. Metformini, kidonge ninachokitoa kuliko kingine chochote, asili yake ni Galega officinalis, mmea wa Ulaya ambao kiini chake, galegini, kilishusha sukari lakini kilikuwa na sumu. Wanakemia walitengeneza kemikali za jamii yake, na mwaka 1957 Jean Sterne wa Ufaransa akachapisha matokeo kwa wagonjwa. Safari nyingine huishia kwingine kabisa: miaka ya 1950 Robert Noble wa Kanada alijaribu kwa ajili ya kisukari majani yaliyotoka Jamaica, ya Catharanthus roseus, ua la rangi ya waridi linalopandwa uani. Sukari ya panya haikushuka. Kilichoporomoka ni chembe nyeupe za damu, na yeye na Charles Beer wakapata vinblastini, dawa ya saratani. Mmea huohuo bado unachemshwa Limpopo kwa ajili ya kisukari.

Kwa hiyo ukinionyesha makala, nionyeshe ya watu: waliogawanywa kwa kura, wakanywa dondoo lenye nguvu ileile kila chupa, kwa miezi mitatu au zaidi, wakapimwa HbA1c (wastani wa sukari ya miezi iliyopita), ini na figo.

Haya, na wewe ufanye nini leo? Usiache vidonge, na insulini usiiache. Ukishakunywa mitishamba, leta pakiti niione. Ukiwa kwenye vidonge vya glibenclamide au gliclazide, karela, lile tunda chungu, juu yake inaweza kushusha sukari mpaka ikuangushe, kwa hiyo ukitoka jasho na kutetemeka, kunywa soda yenye sukari upesi. Soma lebo: ikisema dawa haijasajiliwa wala kutathminiwa na SAHPRA, mamlaka ya dawa ya nchi hii, iamini lebo kuliko muuzaji. Macho yakiwa ya njano, acha mzizi na uende hospitali siku hiyohiyo. Omba HbA1c, vua viatu wakukague miguu. Kliniki ya msingi ni bure kwa asiye na bima, kwa Sheria ya Afya ya Taifa ya 2003. Najua mwaka 2025 Operation Dudula, kundi linalopinga wahamiaji, walisimama milangoni mwa kliniki kudai vitambulisho. Novemba mwaka huo Mahakama Kuu ya Johannesburg iliwakataza. Ukirudishwa hata hivyo, njoo na karatasi yako ya dawa kabla vidonge havijaisha, si baada.