Mfuniko wa tangi la mafuta: Tambara halitoshi

KATI ya sehemu zote za gari, hakuna inayopuuzwa kama mfuniko wa tangi la mafuta. Husahauliwa juu ya pampu kituoni, kisha tundu likazibwa kwa tambara au karatasi ya plastiki, ambayo yenyewe ilipigwa marufuku nchini Agosti 2017.

Kwa madereva wa Taita Taveta, hatari ya mazoea hayo ni kubwa kuliko inavyodhaniwa. Petroli hutoa mvuke unaoweza kushika moto hata katika baridi ya nyuzijoto 40 chini ya sufuri, sembuse katika jua la Voi. Mvuke huo ni mzito kuliko hewa, hivyo haupai bali hutambaa chini ya gari hadi ukutane na cheche au kipisi cha sigara. Tambara nalo hufyonza mafuta likawa mithili ya utambi wa koroboi.

Tazama safari ya kutoka Voi hadi Wundanyi. Gari hupanda kutoka mita zipatazo 600 juu ya usawa wa bahari hadi zaidi ya mita 1,300, tena kwa kona kali. Tangi lililojazwa pomoni humwagika konani, na kadiri shinikizo la hewa nje linavyopungua ndivyo mvuke unavyofura ndani.

Ndiyo sababu mifuniko mingi ina vali ndogo: ya kutoa mvuke unaozidi na ya kuingiza hewa mafuta yanapopungua. Mfuniko usio wa gari hilo waweza kuziba kabisa, injini ikakosa mafuta na kuzima. Hapo makanika hulaumu pampu, na mwenye gari akanunua pampu mpya bure.

Nchini Kenya, matatu na magari ya biashara hukaguliwa kila mwaka na Mamlaka ya Kitaifa ya Uchukuzi na Usalama (NTSA), iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2012. Aliyebadilisha bodi, mathalani kugeuza pikapu iwe gari la kubebea watalii mbugani Tsavo, naye hutakiwa kulipeleka gari likaguliwe. Magari ya aina hiyo ndiyo yanayohitaji uangalifu zaidi, kwani bodi mpya mara nyingi huhamisha mdomo wa tangi, na mpira, vibano na mfuniko vikaokotwa kutoka magari tofauti.

Uingereza, ambako watu hujiundia magari kutokana na vipuri, imekuwa na ukaguzi maalumu uitwao IVA tangu 2009. Huko mfuniko hutakiwa usiweze kupotea: ufungwe kwa mnyororo, au utumie ufunguo uleule wa kuwashia injini, usiochomoka mpaka mfuniko ufungwe. Kanuni namba 34 ya Umoja wa Mataifa nayo husema hata tangi likipinduka, mafuta yasidondoke mfunikoni kupita gramu 30 kwa dakika. Kwa wanaosafiri katika barabara kuu ya Mombasa hadi Nairobi, ambako malori hupinduka, kipimo hicho si cha vitabuni tu.

Kabla ya kwenda ukaguzini, dereva atazame raba ya mfuniko. Ikiwa imepasuka au imekauka, ibadilishwe. Anuse pia ndani ya gari baada ya kupiga kona, kisha akague rangi chini ya mdomo wa tangi. Vumbi jekundu la Voi likiwa limegandamana hapo kwa mstari, mafuta yamekuwa yakitiririka.