Nchi Ambako Wanaume Walifungiwa Ndani

Sogeeni karibu, wanangu. Leo nina hadithi ya nchi ambayo haikuwahi kuwako duniani, na ya mwanamke aliyeibuni, ambaye alikuwako kweli.

Jina lake Rokeya Sakhawat Hossain. Alizaliwa mwaka 1880 katika kijiji cha Pairaband, Rangpur, ambako leo ni Bangladesh na wakati ule kulitawaliwa na Waingereza. Baba yake alikuwa na mashamba makubwa na jina kubwa, na katika nyumba za namna hiyo mtoto wa kike alikaa utawani. Bibi zenu wa Lamu na Unguja wanaujua utawa, lakini ule wa Rokeya ulikuwa mkali kupita kiasi. Tangu ana miaka mitano ilimbidi ajifiche hata akija mwanamke asiye wa ukoo wao. Kurani alifundishwa kuisoma. Kibengali na Kiingereza alinyimwa, maana ilidhaniwa kwamba msichana akijua kuandika ataharibika. Kaka yake Ibrahim ndiye aliyemfundisha kwa siri, usiku, wakubwa wakishalala. Kwetu nako yalikuwapo: Sayyida Salme, binti wa Sultani wa Zanzibar, alijifunza kuandika kwa kujificha, akinakili herufi za msahafu juu ya mfupa wa bega la ngamia.

Rokeya akaolewa na Syed Sakhawat Hossain, ofisa wa serikali mjini Bhagalpur, mtu aliyemzidi umri sana. Bahati yake ni kwamba mume huyu alipenda mke wake asome. Safari moja bwana aliondoka kikazi, na mke aliyebaki nyumbani akaandika hadithi kwa Kiingereza ili siku zipite. Mume aliporudi aliisoma yote akiwa amesimama, hata kiti hakuvuta, na alipoimaliza akasema hicho ni kisasi kikali. Mwaka 1905 jarida moja la wanawake la Madras likaichapisha kwa jina la Ndoto ya Sultana.

Katika hadithi hiyo, Sultana alikuwa amejiegemeza kitini chumbani mwake, akiwaza hali ya wanawake wa India. Usingizi ukamnyemelea. Mara akatokea mwanamke aliyefanana na rafiki yake, Dada Sara, akamwita watoke wakatembee. Sultana akatoka, na alipofika njiani akashtuka: ni mchana kweupe, yuko nje bila kifuniko usoni, na watu wamejaa. Akaanza kuona haya. Wapita njia wakacheka wakisema mgeni huyu ana tabia za kiume! Alipouliza maana yake akaambiwa kwamba katika nchi ile wenye haya na woga ni wanaume. Njia nzima hakumwona mwanamume hata mmoja. Wote walikuwa ndani, wakilea watoto na kupika.

Ilikuwaje? Malkia wa nchi hiyo alikuwa ameamuru wasichana wote wasome, na akapiga marufuku mtu kuolewa kabla ya kutimiza miaka 21. Vikajengwa vyuo vikuu viwili vya wanawake. Kimoja kikabuni puto kubwa lenye mabomba ya kuvuta maji kutoka angani, ukame ukaisha na mafuriko yakakoma. Cha pili kikagundua namna ya kukusanya joto la jua na kuliweka akiba. Wanaume, walioshughulika na kuongeza nguvu za jeshi, wakawacheka wasomi hao. Kisha vita vikaja. Wanaume walipigana kwa ushujaa, wakashindwa, na adui akaukaribia mji.

Hapo mkuu wa chuo cha pili, mwanamke, akasema atajaribu, lakini kwa sharti moja: kabla wanawake hawajatoka nje, wanaume waingie ndani. Kwa kuwa walikuwa wamechoka na wamejeruhiwa, waliinamisha vichwa wakaingia, tena wakiona wamefanyiwa hisani. Wanafunzi elfu mbili wakaongozana na mkuu wao hadi uwanja wa vita, wakaelekeza mionzi ya jua waliyoikusanya upande wa adui. Joto lile likawashinda maadui, wakakimbia na kuziacha silaha zao.

Wanaume hawakutoka tena. Walipoomba kurudishwa kazini, Malkia aliwaandikia kwamba wakihitajika wataitwa.

Tangu hapo nchi ikageuka bustani. Majiko yakawa ya jua, bila moshi wala makaa. Watu wakasafiri kwa vigari vya angani vinavyoinuliwa na mipira ya haidrojeni. Kazi za ofisi wakazimaliza kwa saa mbili kwa siku. Sara alikadiria kwamba wanaume walikuwa wakichoma sigara kubwa kumi na mbili kila siku, kila moja nusu saa, na hizo tayari ni saa sita zilizopotea! Kumbukeni kwamba haya yaliandikwa zaidi ya miaka mia moja iliyopita, na mtu ambaye hakuwahi kukanyaga darasa kama mwanafunzi.

Najua mnataka kuniuliza: kuwafungia wanaume si dhuluma vilevile? Ni dhuluma. Huruma mnayowaonea wanaume wa ndotoni ndiyo Rokeya aliyoitafuta kwa msomaji, ili akifunga kitabu aelekeze macho kwenye nyumba za kweli, walimofungiwa dada na mama zake. Walioambiwa miaka mingi kwamba mwanamke ameumbwa kukaa ndani waliona, kwa kurasa chache, kwamba ukuta umejengwa na watu.

Na mapenzi je? Hayo aliyaweka katika riwaya ya Kibengali, Padmarag, ya mwaka 1924. Msichana Siddika anafika Tarini Bhavan, nyumba yenye shule na karakana, wanamoishi Waislamu, Wahindu na Wakristo walioumizwa na waume au jamaa. Ndoa yake ilikuwa imevunjika kabla hajaishi na mume, kwa sababu wazee wa upande wa mume walitaka mali yake kwanza. Kisha analetwa majeruhi, bwana Latif, naye anamuuguza. Wanapendana. Baadaye inajulikana kwamba Latif ndiye yule mume! Msimulizi mwingine angepiga ngoma za harusi hapo. Siddika anampenda, na bado anakataa, kwa kuwa hakubali kutupwa wakati mali haikupatikana na kuokotwa wakati moyo umebadilika. Mimi naiona riwaya hii kuwa ya kijasiri kuliko ile ndoto. Kulishinda jeshi kwa miale ya jua ni rahisi kuliko kumwambia umpendaye hapana.

Rokeya aliijua nyumba kama ile kwa kuwa yeye mwenyewe alikuwa na shule. Mumewe alifariki mwaka 1909 akiwa amemwachia fedha za kusomesha wasichana, naye akaanza Bhagalpur na wanafunzi watano. Kisha akahamia Calcutta, na mwaka 1911 akaanza upya na wanane, akipita nyumba kwa nyumba kuwaomba wazazi wawatoe mabinti. Akawahakikishia kwamba basi la shule litafunikwa kabisa. Lilifunikwa hata hewa haikupita, watoto wakazimia na kutapika gizani. Alipoweka mapazia badala yake, zikaja barua za watu wakilalamika kwamba upepo unayapeperusha. Hakuifunga shule.

Alifariki tarehe 9 Desemba 1932. Bangladesh huiadhimisha tarehe hiyo kila mwaka kwa jina lake, na ile shule ya wanafunzi wanane ingalipo Kolkata, ndiyo Calcutta ya zamani, hadi leo, wasichana wanasoma.