Dizeli ya Matumbo ya Samaki

Mkazi mmoja wa Mamba, kule milima ya Upare wilayani Same, ameuliza swali lisilo la mzaha. Dizeli ya mashine za kusaga hupandishwa mlimani kwa madumu, na kila kona ya barabara ile huongeza bei. Je, matumbo ya samaki wa bwawa la Nyumba ya Mungu hayawezi kugeuzwa dizeli?

Kitaalamu yawezekana. Mwaka 1900, mjini Paris, injini ya Rudolf Diesel ilionyeshwa ikinguruma kwa mafuta ya karanga. Huko Alaska, kiwanda kimoja cha samaki cha Dutch Harbor kilichanganya mafuta ya samaki na dizeli kuendeshea jenereta zake. Vietnam nako wametengeneza dizeli kwa shahamu ya kambare wa kufugwa.

Kazi yenyewe huanzia sufuriani. Matumbo huchemshwa, mafuta yakaelea, yakaenguliwa, yakachujwa na kukaushwa maji yote. Kisha hupashwa moto hadi nyuzi 60 hivi na kuchanganywa na methanoli, aina ya spiriti, iliyoyeyushiwa magadi makali ambayo watengeneza sabuni huyaita kostiki. Lita 100 za mafuta hutaka methanoli kiasi cha lita 20. Mchanganyiko ukitulia hujitenga: chini gliserini nzito, juu dizeli, nayo huoshwa na kukaushwa tena.

Lakini samaki hamngoji mtu. Matumbo yakioza mafuta huwa na asidi, asidi hula kostiki, na badala ya dizeli unapata pipa la sabuni inayonuka. Methanoli nayo hununuliwa mjini, kwa hiyo safari ya madumu haijakwisha. Tena ni sumu: kidogo tu ikinywewa hupofusha, na mvuke wake hudaka moto upesi.

Sasa tupige hesabu. Tuseme, kwa ukarimu, kilo 10 za matumbo zitoe lita moja. Mashine inayokula lita 10 kwa siku itadai kilo 100 za matumbo. Matumbo ni kama sehemu moja ya kumi ya uzito wa samaki, basi hiyo ni tani nzima ya samaki kila siku. Na samaki asiyetolewa matumbo, bila barafu, hafiki Mamba akiwa salama.

Mwanza ni habari nyingine, kwani sangara ana shahamu nyingi na viwanda viko pale pale ziwani. Hata hivyo, nani kasema yale ni taka? Mapanki huliwa na watu wasio na uwezo wa kununua minofu, shahamu hukaangiwa, na mabondo husafirishwa hadi China. Mwenye mtambo wa dizeli atagombea ndoo moja na mama mkaanga samaki, na sidhani kama mama huyo ndiye atakayeshinda.

Kwa ndugu yetu wa Mamba, ambaye anasema pipa analo tayari: ajaribu lita moja kwanza, nje ya nyumba, mbali na jiko na watoto. Asiitie peke yake katika mashine ya watu. Aichanganye na dizeli ya kawaida, na achunguze mipira ya mafuta, maana ile ya zamani hulainika na kuvuja.